KIDOLE SI UBONGO

Ndugu Wafanyi Kazi,

Wako mabwana wasemao kwamba mtoto mchanga akipasuliwa, kibanio cha kidoleni chatosha kumlinda. Sisi twasema hakitoshi!

Kibanio hicho, kilichotokana na kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974, hupima oksijeni iliyo katika damu ya kidoleni. Ni kitu chema, na tangu 2008 kimo katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Lakini damu yaweza kujaa oksijeni na isifike kichwani ya kutosha. Nusukaputi hushusha nguvu ya damu. Na mtoto akipumuliwa kupita kiasi, mishipa ya ubongo husinyaa. Kibanio chaandika 98, na ubongo una njaa. Tena, kwa kila kilo ya mwili, mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima.

Mashini ya kutazama ubongo ipo. Mwaka 1977, huko Marekani, Frans Jöbsis alionyesha kwamba nuru fulani isiyoonekana kwa macho hupenya mpaka ubongoni na kueleza hali ya oksijeni. Leo kipande hubandikwa kwenye paji la uso, bila sindano. Hutumiwa hasa watoto wanapopasuliwa moyo.

"Ni ghali," wasema. Je, tangu Oktoba 2024 hatukatwi Sh. 2.75 katika kila Sh. 100 za mshahara kwa ajili ya afya? Hilo ni jasho letu, si sadaka.

Wala tusidanganywe na mashini tupu. Mashini haiponyi mtu. Mfanyi kazi wa nusukaputi ndiye aonaye hesabu ikishuka akatenda. Akilazimishwa kulinda vitanda viwili, au kukesha kisha aingie tena asubuhi, mashini italia na hapana wa kuisikia.

Kwa hiyo twadai:

1. Kila mtoto awe na mlinzi wake wa nusukaputi, asiyeondoka mpaka upasuaji uishe.

2. Nguvu ya damu ipimwe na kuandikwa kila dakika 5.

3. Hospitali za rufaa zipasuazo watoto wachanga zipewe mashini ya ubongo, na wafanyi kazi wafundishwe kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ubongo wa mtoto ni ukuta usiojengwa mara ya pili. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi.

UMOJA NI NGUVU!