Mwuza Dawa wa Tunduma Afundishwe

Msomaji wa Visiwani aweza kuuliza mji wa Tunduma, ulioko mbali kabisa na bahari, unamhusu nini. Jibu ni njia. Heroini ya Afghanistan huletwa na majahazi hadi mwambao wa Afrika ya Mashariki, na sehemu yake husafirishwa nchi kavu kuelekea kusini. Nayo Tunduma ndiyo lango kuu la kuingilia Zambia. Shehena hiyo haipiti mahali bila kuacha vijana walioionja. Unguja wanalijua hilo, na ndiyo maana kliniki ya methadoni ilifunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015, miaka minne baada ya ile ya Muhimbili.

Aliyezidisha kipimo kwa kawaida hafi papo hapo. Pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, hukoroma, na wenzake hudhani amelala. Katika muda huo mfupi naloksoni yaweza kumrudishia pumzi. Dawa hiyo si ngeni: Marekani iliidhinishwa mwaka 1971, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wanaoweza kumkuta mtu katika hali hiyo wapatiwe dawa na wafundishwe kuitumia.

Tunasisitiza kufundishwa. Nani atawaeleza jamaa kwamba nguvu ya naloksoni yaweza kwisha kabla ya ile ya heroini, mtu akazimika tena, na kwa hiyo hana budi kupelekwa hospitali hata akiapa kwamba ni mzima? Nani atawaonya kwamba huenda akaamka mkali, kwa kuwa arosto imemshika ghafla? Ni mfamasia, pamoja na mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, ambaye wananchi wengi humwendea kabla ya daktari. Leo kijana mchafu akiingia dukani, pengine hufukuzwa kama mwizi. Hatumlaumu mwuzaji asiyefundishwa. Lakini hata mzee aliyeandikiwa tramadoli astahili kuambiwa asiichanganye na pombe.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakaonyesha kwamba mwuzaji akisomeshwa huhudumia vema zaidi. Tunaiomba Wizara ya Afya, pamoja na Baraza la Famasi, waandae somo hili, naloksoni ifikishwe kihalali madukani, na kazi ianzie Mkoa wa Songwe. Wizara ya Afya ya Zanzibar nayo isingoje matokeo ya Tunduma. Wauza dawa wake waitwe darasani mwaka huohuo.