Buloni Iliyokwama ni Jambo la Dispensari Pia

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, mmezoea kutusikia tukiongea juu ya malaria, maji ya kunywa, vumbi la shimoni na kofia ngumu. Leo tutaongea juu ya buloni, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania wanaziita bolti, pamoja na ekru zake, yaani nati. Msiseme kwamba muganga amepotea njia na kuingia karakana.

Angalieni mahali tunapokaa. Ntoto iko kati ya Masisi na Walikale, na kila mmoja wenu anajua barabara zetu zikilowa zinakuwaje. Mgonjwa akizidiwa usiku, kitu cha kwanza kinachosafiri si gari, ni sauti. Foni inaita, hospitali inajibu, ndipo gari, pikipiki au wabebaji wa kipoyi wanajipanga. Sauti hiyo inapita kwenye antena, na antena imeshikwa na buloni nne au sita, kubwa kama kidole. Upepo ukiigeuza sahani ya satelaiti kidogo tu, hata kwa kipimo ambacho jicho halioni, mawasiliano yanakatika. Fundi anapanda, anataka kulegeza buloni ili aielekeze upya, na buloni inakataa. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Hapo dispensari nzima imekuwa bubu.

Jambo linaloshangaza watu ni kwamba buloni hizo mara nyingi ni za inoksi, chuma kisichoshika kutu. Ziling'aa siku ya kufungwa na zinang'aa hata leo. Basi zimekwama kwa sababu gani?

Inoksi haishiki kutu kwa sababu ina kromu ndani yake. Ile yenye alama A2 kichwani, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwenye antena, ina kromu karibu sehemu 18 kwa mia na nikeli karibu 8. Kromu ikikutana na hewa inafanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ngozi ikikwaruzwa, inaota tena yenyewe, mradi hewa ipo. Lakini ndani ya ekru inayokazwa, meno ya buloni na meno ya ekru yanasuguana kwa nguvu kubwa. Ngozi inachubuka pande zote mbili, hewa haina nafasi, na chuma kitupu kinalala juu ya chuma kitupu cha aina ile ile. Vinashikana na kuwa kitu kimoja, kana kwamba vimelehemiwa, na moto haukuwashwa.

Ninyi mliowahi kuleta mtoto aliyeungua mkono mmeona tunavyofanya. Hatufungi vidole vilivyochubuka pamoja, maana vitapona vikiwa vimeungana. Tunaweka kitambaa chenye vaselini kati ya kidole na kidole. Buloni ya inoksi inataka jambo hilo hilo: kitu cha kutenganisha meno kabla hayajachubuka. Kitu hicho ni grisi maalum ya kuzuia kukwama, yenye unga laini wa molibdeni au wa nikeli ndani yake.

Nimesikia mafundi wakisema kwamba inoksi haihitaji kupakwa kitu, kwani tumeinunua ghali ili tusihangaike na mafuta. Kwa maoni yangu usemi huu ndio umeharibu buloni nyingi kuliko mvua ya Walikale. Kutu na kukwama ni magonjwa mawili. Inoksi ina kinga ya ugonjwa wa kwanza, na kinga hiyo hiyo ikichubuka inaileta kwenye ugonjwa wa pili. Buloni ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki vizuri haina tabia mbaya hivyo ya kushikana meno. Ndiyo maana pia mafuta ya kupenya, yale ya kupuliza, yanasaidia buloni yenye kutu, lakini kwa inoksi iliyoshikana mara nyingi unapuliza bure. Hakuna kutu ya kulainisha hapo.

Wengine wanasema grisi italegeza buloni, antena itaanguka. Hawa nawasikiliza zaidi, kwa sababu wana nusu ya ukweli. Buloni iliyopakwa grisi inateleza, kwa hiyo nguvu ile ile ya mkono inaivuta kuliko ilipokuwa kavu, na ukiivuta mno inakatika. Dawa si kuacha grisi. Dawa ni kupunguza nguvu. Karatasi ya grisi inaeleza kiasi. Mara nyingi ni robo hivi au zaidi. Na kama mnaogopa mtikisiko wa upepo, wekeni rondeli ya kufungia au ekru ya pili.

Namna ya kufunga si ngumu. Safisha meno kwa brashi, mchanga usibaki. Paka grisi kidogo kuzunguka meno yote, na chini ya ekru pale inapokanyaga rondeli. Anza kwa vidole, mizunguko ya kwanza yote, usianze na spana. Kisha kaza polepole kwa mkono. Mashine ya kukazia haraka inaleta joto, na joto ndilo linalochubua ile ngozi upesi. Ekru zenye plastiki ndani zinasugua zaidi ya nyingine. Hizo zitake subira zaidi. Ukisikia ekru inakuwa nzito kabla ya wakati wake, simama, rudi nyuma, toa, safisha, paka tena. Yule anayesema "ngoja niongeze nguvu kidogo" ndiye anayefunga ndoa isiyo na talaka. Ukipata nafasi ya kuchagua, tumia buloni ya A2 na ekru ya A4, ambayo imeongezwa molibdeni. Vyuma visivyofanana havishikani upesi kama vinavyofanana kabisa. Kwa antena ya aluminiamu usitumie grisi yenye unga wa shaba, kwa sababu shaba na maji ya mvua vinakula aluminiamu. Mawese yaacheni jikoni. Mvua inayaosha, na yanayobaki yanashika vumbi na kuganda. Na grisi ya nikeli isiguswe kwa mikono mitupu, wala usile ukiwa nayo vidoleni: kuna watu ambao ngozi yao haipatani na nikeli, wanawashwa na kutoka vipele.

Sasa niseme yale yanayoniletea kazi dispensari.

La kwanza ni kuanguka. Buloni imekataa, fundi anaongeza bomba kwenye spana, anavuta kwa mwili mzima akiwa juu ya mlingoti. Buloni inakatika ghafla, na mwili unaifuata ile nguvu. Mkanda usiofungwa kwenye mlingoti wakati huo ni pambo tu. Tena kila dakika ya kupigana na buloni ni dakika ya kukaa juu ya chuma kirefu katika nchi ya radi. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza picha za satelaiti za miaka mingi walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili ni Kabare, hapa Kivu ya Kusini. Ya tano ni Sake, pale mnapopita mkitoka Goma kuja Masisi. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka, hata kama ekru imebaki uzi mmoja.

La pili ni macho. Spana ikishindwa, mtu anachukua mashine ya diski na kukata. Cheche za inoksi ni chembe za chuma cha moto, na chembe ikiingia jichoni, msidhani sumaku itaitoa, maana inoksi ya aina hii karibu haivutwi na sumaku. Msitoe kwa njiti ya kiberiti, wala kwa ulimi, wala msitie maziwa ya mama. Mwageni maji safi mengi. Kama kitu kimechoma na kusimama ndani ya jicho, hapo msimwage wala msiguse. Lifunikeni bila kulikandamiza, mkaje mara moja. Miwani ya kinga ni bei ndogo kuliko jicho, na wote mnalijua hilo, lakini naona miwani nyingi zikiwa zimekaa juu ya paji la uso.

La tatu ni moshi, na hapa nawaomba wake wa mafundi wasikilize vizuri. Mlingoti wetu umepakwa zinki. Mtu akiukata kwa moto wa gesi au akilehemu juu yake, unatoka moshi mweupe. Anarudi nyumbani mzima. Saa chache baadaye anatetemeka, ana homa, kichwa na misuli vinauma, mdomo una ladha ya chuma. Nyumbani wanasema malaria, wanampa vidonge vilivyobaki vya mtoto. Inawezekana ni homa ya moshi wa zinki, ambayo kwa kawaida inaisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Lakini msijiamulie wenyewe upande wowote, kwa sababu malaria nayo haijaondoka Ntoto. Mleteni apimwe damu, na mtuambie alikata nini mchana. Bila neno hilo sisi tutaifukuza homa tusiyoijua. Na kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, msingoje asubuhi. Inoksi yenyewe ikichomwa au kulehemiwa inatoa kromu ya aina mbaya, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu bila shaka. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka moshi wa kulehemu katika kundi hilo hilo.

Hatari zote hizi tatu zinatoka kwenye buloni iliyofungwa kavu. Ndiyo sababu nasema grisi ile ni kitu cha kinga kama miwani na mkanda, na iandikwe kwenye orodha moja navyo. Depo inayotoa buloni za inoksi bila grisi ni kama dispensari inayotoa sindano bila alkoli. Kopo dogo linatosha buloni nyingi sana. Wakuu wa kazi wanaouliza bei yake waulize pia bei ya kusafirisha mtu mwenye mguu uliovunjika mpaka Goma.

Kwa antena ambazo buloni zake zimekwama tayari, msipande kwenda kupigana nazo. Chagueni asubuhi isiyo na mawingu, teremsheni sahani na kishikio chake chini kama mlingoti unaruhusu, mkate ekru kwa msumeno wa mkono, polepole, watoto wakiwa mbali, kisha mfunge buloni mpya yenye grisi kabla ya kupandisha. Kazi hiyo inaweza kula nusu siku. Kwa hiyo kabla hamjazima foni, piteni kwanza dispensari mtuulize kama kuna mama aliye katika uchungu.