Msimu mpya wa NBA: Tunauziwa ujana wetu, vijana wetu wanauziwa nini?

Alfajiri ya Jumatano, Oktoba 22, nilitoka msikitini nikakuta vijana watano wamejikunyata barazani, vichwa vimeinamia simu moja. Nilidhani wamepata habari ya msiba. Kumbe ni mpira wa kikapu. Oklahoma City Thunder na Houston Rockets walikuwa wameufungua msimu wa NBA saa nane na nusu usiku kwa saa zetu. Dakika za kawaida ziliisha sare, wakaongezewa muda wakatoka sare tena, na sasa walikuwa katika muda wa ziada wa pili.

Nami nikasimama. Zikiwa zimebaki sekunde 2.3, Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder alifanyiwa madhambi na Kevin Durant. Akaenda mstarini, akatia mitupo yote miwili, Thunder wakashinda 125 kwa 124. Kijana mmoja akapiga paja, akashika kichwa. Nikamuuliza, "Kwani we ni shabiki wa Houston?" Akanijibu, "La, ami. Nilikuwa nimebeti tu."

Jibu hilo sijaliacha nyuma hadi leo. Msimu huu umefunguliwa kwa ngoma za zamani, na sisi wa makamo tumechezeshwa tukacheza. Lakini ukitazama kwa makini utaona kuna biashara mbili zinazokwenda sambamba. Sisi tunauziwa kumbukumbu zetu, na watoto wetu wanauziwa kitu kingine kabisa.

Ngoma ya zamani imerudi

Tuanze na kumbukumbu. Mwaka huu kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kimerudi kuonyesha NBA baada ya kukaa nje tangu 2002. Kimerudi na muziki wake wa ufunguzi, Roundball Rock, uliotungwa na John Tesh, ule ambao kila aliyetazama mpira wa kikapu miaka ya tisini anaujua hata kama hajui jina lake. Na kama hiyo haitoshi, wamemleta Michael Jordan mwenyewe kuzungumza katika vipindi vyao.

Hayo hayakufanywa kwa mapenzi matupu. NBC, Disney na Amazon wametia mkataba wa miaka 11 na NBA wenye thamani ya takriban dola bilioni 76. Kwa pesa zetu hizo ni karibu shilingi trilioni 10, zaidi ya mara mbili ya bajeti ya serikali yetu ya mwaka huu. Mtu aliyelipa kiasi hicho lazima atafute njia ya kumrudisha mtazamaji mbele ya kioo, na njia rahisi ya kumrudisha mtu wa miaka arobaini na kitu ni kumwonyesha alivyokuwa na miaka kumi na tano.

Mimi nakiri, imenishika. Sisi wa umri huu tuliokulia Mombasa tuliipata NBA kwa makombo. Ilikuja kwa kanda za video zilizoletwa na jamaa kutoka Ghuba, kwa kofia za Chicago Bulls za mtumba wa Kongowea, na kwa hadithi za mtu aliyesimuliwa na mtu. Mchezo ulikuwa umeisha miezi mitatu nyuma, sisi ndio kwanza tunashangilia.

Na si Jordan peke yake aliyetukaa moyoni. Kwetu sisi kulikuwa na Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, Mwislamu, aliyeipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995. Februari 1995 ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Olajuwon alifunga saumu na akacheza, na mwisho wa mwezi akatajwa kuwa mchezaji bora wa NBA wa mwezi huo. Mzazi gani wa pwani wakati ule hakulitumia jina lake kumnyamazisha mtoto anayelalama njaa saa nane mchana? Kwa hiyo nilipoona jezi za Rockets alfajiri ile, sikuona timu ya mwaka 2025 peke yake. Niliona ujana wangu.

Basi sisemi kuwa kumbukumbu ni kitu kibaya. Nasema kumbukumbu ina tabia ya kuchagua, na anayekuuzia huwa amekuchagulia tayari.

Yaliyoachwa nje ya picha

Chukua mchezo ule ule. Kabla mpira haujarushwa, Thunder walikabidhiwa pete zao za ubingwa na bendera ikapandishwa, kwani Juni mwaka huu waliifunga Indiana Pacers katika mchezo wa saba wa fainali. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza tangu wahamie Oklahoma City.

Tangu wahamie. Maneno hayo yana uzito. Klabu hii ilizaliwa 1967 mjini Seattle ikiitwa SuperSonics. Huko ilitwaa ubingwa wa 1979, na huko ndiko ilikokuwa ilipokwenda fainali ya 1996 dhidi ya Bulls wa Jordan, fainali iliyoonyeshwa na NBC hiyo hiyo inayotukumbusha mambo leo. Mwaka 2006 mwenye timu, Howard Schultz, aliiuza kwa matajiri wa Oklahoma kwa dola milioni 350. Miaka miwili baadaye, baada ya mvutano juu ya ujenzi wa ukumbi mpya, timu ikahamishwa. Watu wa Seattle walioishangilia kwa miaka 41 wakaachiwa jina na rangi za jezi. Mpira ukaondoka.

Sasa mtazame tena Durant. Yeye aliteuliwa na Seattle mwaka 2007, akacheza huko msimu mmoja tu, kisha akahama na timu kwenda Oklahoma. Akaondoka huko mwaka 2016 kwa kishindo, mashabiki wakamwita msaliti. Alfajiri ile, akiwa na miaka 37 na jezi yake ya kwanza ya Houston, alikuwa anacheza dhidi ya klabu iliyomlea, katika mji uliomzomea, siku wanayopandisha bendera ambayo yeye hakuwaletea. Kisha kosa la mwisho likawa lake.

Hiyo ndiyo hadithi ya kweli ya usiku ule, na haikuhitaji muziki wa zamani kuipamba. Lakini Seattle haina nafasi katika sherehe ya kumbukumbu, kwa sababu ukiwakumbusha watu kwamba timu waliyoipenda inaweza kuondolewa kwa saini moja, huenda wakaanza kuuliza maswali.

Na maswali yapo. Mwaka huu Boston Celtics wameuzwa kwa dola bilioni 6.1. Jamaa wa Buss, waliokuwa na Los Angeles Lakers tangu 1979, mwezi Juni walikubali kumuuzia Mark Walter sehemu kubwa ya timu kwa hesabu inayoithamini kufikia takriban dola bilioni 10. Anayenunua kwa bei hiyo hanunui wachezaji, maana wachezaji huja na kuondoka. Hununua mapenzi ya mashabiki waliorithi timu kwa baba zao. Mapenzi yetu ndiyo mali, ila katika mauzo hayo shabiki hapati hata senti.

Timu zinazostahili kutazamwa

Tuache wenye mali, turudi uwanjani, kwani mwaka huu una utamu wake.

Kwanza Thunder wenyewe. Mwaka 2019 walimtoa nyota wao Paul George kwenda Clippers. Wakapewa kijana mwembamba ambaye wengi hawakumjua, Gilgeous-Alexander, pamoja na rundo la haki za kuteua wachezaji chipukizi. Msimu wa 2020-21 walishinda michezo 22 tu kati ya 72. Wakachekwa. Lakini walitulia, wakateua kwa makini, na mmoja wa waliopatikana kwa haki zile za Clippers ni Jalen Williams, aliyekuwa nguzo ya ubingwa. Msimu uliopita walishinda michezo 68 kati ya 82, na Gilgeous-Alexander akawa mchezaji bora wa msimu na wa fainali pia. Kuna wanaosema kupoteza kwa makusudi ili uteue vizuri ni ujanja usiopendeza, na sina la kuwapinga. Ila walichojenga wamekijenga kwa vijana wao na kwa subira.

Lakers ni kinyume chake. LeBron James anaingia msimu wa 23, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika NBA, lakini mchezo wa kwanza hakucheza kwa sababu ya maumivu ya neva yanayoshuka kutoka mgongoni hadi mguuni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukosa ufunguzi. Luka Doncic alifunga pointi 43 na bado Golden State Warriors wa Stephen Curry wakashinda 119 kwa 109. Curry ana miaka 37, Jimmy Butler 36, na wamemchukua Al Horford mwenye 39. Ni timu ya wazee wenye akili, na inapendeza kuitazama, lakini kila mtu anajua jua lao liko wapi.

Na San Antonio Spurs. Hapo ndipo palipo na funzo kwa wapenda ya kale. Kocha Gregg Popovich, aliyewaongoza misimu 29 na kuwapa mataji matano, alijiuzulu Mei baada ya kupatwa na kiharusi. Wangeweza kukaa wakilia. Badala yake msaidizi wake, Mitch Johnson, amekabidhiwa kiti. Naye Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye Februari alisimamishwa na damu iliyoganda begani, alirudi mchezo wa kwanza na pointi 40 dhidi ya Dallas, wakashinda 125 kwa 92. Spurs wamemheshimu mzee wao kwa kuendeleza kazi yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenye faida.

Siku mbili tu baadaye

Sasa turudi kwa kijana wangu wa barazani.

Oktoba 23, msimu ukiwa na siku mbili, wapelelezi wa Marekani waliwakamata zaidi ya watu 30 katika kesi za kamari. Miongoni mwao ni kocha wa Portland, Chauncey Billups, anayedaiwa kuhusika na michezo ya karata iliyopangwa kuwaibia watu, na mchezaji wa Miami, Terry Rozier, anayedaiwa kumdokeza mwenzake mwaka 2023 kwamba angetoka mapema katika mchezo, ili watu wabeti kwa habari hiyo. Mawakili wao wamekanusha, na mahakama haijasema lolote, kwa hiyo tusiwahukumu. Lakini Billups ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya 2004, Detroit ilipowaangusha Lakers. Yaani hata yeye ni sehemu ya kumbukumbu zetu.

NBA imesema imesikitishwa. Nami nauliza, imeshangazwa na nini? Mwaka 2014 kamishna wake, Adam Silver, aliandika gazetini akitaka kubeti kuhalalishwe. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofungua mlango, ligi haikukawia kutia mikataba na kampuni za kamari. Leo huwezi kutazama mchezo bila kuona namba za kubeti. Aprili 2024 ikamfungia maisha mchezaji Jontay Porter kwa makosa ya kamari. Ukimfuga chui ndani ya nyumba, usilie siku anapomla mbuzi.

Tusidhani hayo ni ya Marekani peke yake. Simu ile ile inayomwonyesha kijana wa Old Town au Likoni mchezo wa Oklahoma ndiyo inayompokea pesa za kubeti kwa sekunde chache. Agosti mwaka huu Rais alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, na ni hatua njema. Lakini sheria haiketi barazani saa kumi na moja alfajiri. Dini yetu imeliweka wazi suala la kamari, na vijana wanalijua. Tatizo ni kwamba wengi wameufahamu mchezo kupitia kamari, hawakuwahi kuufahamu kwa njia nyingine.

Na njia nyingine ipo karibu kuliko wakati wetu. Tangu 2021 Afrika ina ligi yake, BAL, iliyoanzishwa na NBA pamoja na shirikisho la FIBA. Mwaka huu Nairobi City Thunder imekuwa timu ya kwanza ya Kenya kuingia humo, ikacheza Kigali mwezi Mei. Sisi tulisubiri kanda ya video kutoka Ghuba. Kijana wa leo angeweza kupanda basi akaenda kuwatazama Wakenya wenzake wakicheza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa makamo ni hili. Msimu huu tufurahie muziki wa zamani, lakini tusikae nao peke yetu. Ukimkuta mwanao au mpwa wako macho usiku wa manane, usimfukuze akalale kwanza. Keti naye. Mweleze Olajuwon alikuwa nani na alicheza vipi akiwa na saumu. Mwonyeshe kwa nini Gilgeous-Alexander anapunguza mwendo kabla hajarusha. Kuna goli la kikapu karibu na kwenu? Kanunueni mpira mmoja, mchangiane.

Yule kijana nilimpa kahawa yangu iliyopoa, nikamuuliza ameliwa kiasi gani. Hakunitajia. Nikamuuliza tena, mchezo wenyewe umeuonaje? Akafikiri kidogo, akasema, "Wallahi ami, sikuutazama vizuri. Nilikuwa natazama hesabu."