Ukimya wa Mwajiri Huzaa Majungu



Mahali popote pa kazi panapotarajiwa kupunguzwa watu, siku huanza kwa minong'ono. Wawili wakisimama ukumbini, wa tatu huhisi anasemwa. Mhasibu akifunga mlango, husemwa anaandaa orodha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kisha huitwa mtaalamu wa semina, naye huwahimiza wafanyakazi wawe na mtazamo chanya, waache majungu, wachape kazi na mengine wamwachie Mungu.

Naomba niseme bila kuficha: mawaidha ya namna hiyo ni dhuluma iliyovikwa joho la hekima. Baba anayedaiwa ada za watoto na kodi ya nyumba ya miezi sita, tena mkopo wa benki unakatwa katika mshahara wake, akikosa usingizi hana ugonjwa wa mtazamo. Ana hofu yenye sababu. Mwenye kosa ni yule anayeujua ukweli na kuufungia kabatini. Majungu ni moshi; moto ameuwasha yeye.

Tena kusema ukweli huo si hisani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi. Inamtaka ashauriane nao, au na chama chao, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondolewa, vigezo vya kuwateua, muda na malipo. Ashauriane kabla, si baada ya barua kuchapwa! Na malipo yenyewe ni madogo: kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyetumika miaka 25 anaweza kuondoka na siku 70 tu. Je, huyo ndiye wa kuambiwa atabasamu?

Hata hivyo, tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo miongoni mwetu wanaopeleka majina kwa meneja, na wanaofukua kosa la mwenzao la miaka mitatu iliyopita ili orodha imwangukie yeye. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Anayemchongea mwenzake leo amemwonyesha bosi njia ya kumwondoa yeye kesho.

Tufanye nini basi? Tuulize kwa pamoja, kwa maandishi, kupitia tawi la chama cha wafanyakazi: wangapi, kwa vigezo gani, lini? Swali lililoandikwa hutuliza kuliko uvumi mia. Kila mmoja atunze mkataba wake na hati za mshahara, ahakikishe michango yake ya hifadhi ya jamii imewasilishwa. Anayeona ameachishwa isivyo haki akumbuke kwamba muda wa kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30. Akikaa kusononeka miezi miwili, mlango unaweza kufungwa.

Na aliyeondolewa tusimkimbie kana kwamba balaa lake linaambukiza. Tuende kwake, tuketi naye, tumtafutie kibarua.

Mwaka 1981, katika waraka Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi ya mwanadamu hutangulia mtaji, na kwamba ukosefu wa ajira ni uovu. Hakuuita changamoto ya mtazamo. Mwajiri anayetaka amani kazini asikodi ukumbi wa semina. Awaite watu wake, awatazame machoni, awaambie ukweli.