Sheria Ifike Darasani Kabla ya Kesi

Utaratibu wa wanafunzi wa sheria kujitolea kufundisha katika shule za sekondari ulipata umbo mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, kilipowatuma wanafunzi wake madarasani. Katikati ya miaka ya 1980 ulifika Durban, Afrika Kusini, enzi ambayo ubaguzi wa rangi ndio uliokuwa sheria ya nchi.

Nchini Rwanda, Kinyinya, wilayani Gasabo, ni mahali panapouhitaji hasa utaratibu huo. Mji wa Kigali umepanuka hadi huko. Penye mashamba pamekuwa viwanja, mtaa wa Gacuriro umejaa majengo mapya, na bei ya ardhi ikipanda ndugu hugombania urithi. Tangu mwaka 1999 sheria ya Rwanda humpa binti haki ya kurithi sawasawa na kaka yake. Msichana asiyelijua hilo hunyamaza mali ikigawanywa mbele yake.

Hata hivyo, kujua haki bila kujua pa kuidai hakumfikishi mbali. Kwa sheria ya mwaka 2016, mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi faranga milioni 3 huanzia kwa abunzi wa akagari (seli), wapatanishi 7 waliochaguliwa na jamii kwa uadilifu wao. Asiyeridhika hukata rufaa kwa abunzi wa umurenge (sekta), kisha huenda Mahakama ya Mwanzo. Njia hiyo ndiyo inayostahili kuwa somo lenyewe: vijana wagawane nafasi za mdai, mdaiwa na abunzi, wasikilizane, waamue, wakate rufaa. Kukaririsha vifungu ni kupoteza kipindi.

Mwalimu, yaani mwanafunzi wa sheria, naye huvuna. Anasoma sheria kwa Kiingereza, ilhali abunzi husikiliza kwa Kinyarwanda. Asiyeweza kumweleza kijana wa miaka 15 maana ya rufaa bado hajaielewa. Mpaka wake, lakini, uwe wazi: yeye si wakili. Mwenye kesi aelekezwe ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya, MAJ, na aliyefanyiwa ukatili apelekwe kituo cha Isange, kama kile cha Kacyiru, ambako tiba na polisi viko pamoja.

Hisani peke yake haitadumu, kwa kuwa mitihani ikikaribia wanaojitolea hutoweka. Toleo hili linaviomba vitivo vya sheria vya Kigali, kikiwemo cha Chuo Kikuu cha ULK kilichopo Gisozi, jirani na Kinyinya, viingize ufundishaji huu katika ratiba na kuupa alama kama somo jingine lolote.