Leza, Keekee au Patasi Ndogo? Jino la Mtoto Halisubiri



Siku moja ya mnada hapa Bariadi tulikutana na mama mmoja aliyemshika mkono binti yake wa miaka tisa. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba na kitenge kimefungwa kuzunguka taya. Mama huyo alikuwa amesikia kwa jamaa yake wa mjini kwamba siku hizi meno yaliyooza hutibiwa kwa mwanga, bila ya ile mashine inayolia. Akatuambia: "Mwanangu anaiogopa sana keekee. Nikaona tusubiri tuuze pamba, kisha nimpeleke kwenye huo mwanga."

Walikuwa wamesubiri tangu mwezi wa pili. Jino lililoanza na tobo dogo kama kichwa cha kiberiti lilikuwa sasa limejaa usaha, na siku ile ile ilibidi ling'olewe. Lilikuwa gego la kudumu. Halitaota jingine.

Hatumlaumu mama huyu. Lawama tunajitwika sisi wenyewe tunaoandika habari za afya, kwa kuwa mara nyingi tunavisifia vitu vipya vya mbali na kusahau kusema ni kipi mtu anaweza kukipata karibu na nyumbani. Kwa hiyo mwezi huu tunataka kulizungumza jambo hili kinagaubaga.

Mwanga huo ni kitu gani?

Leza si uongo wala si uchawi. Ni mwanga uliokusanywa ukawa na nguvu nyingi mahali padogo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Madaktari wa meno walianza kuifanyia majaribio mapema, lakini zile za mwanzo zililipasha jino joto kupita kiasi. Ilipopatikana leza ya madini yaitwayo erbiamu, mambo yakabadilika, na mwaka 1997 serikali ya Marekani ikaruhusu itumike kuondoa uozo katika jino.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya jino mna maji kidogo, na sehemu iliyooza ina maji mengi zaidi kuliko iliyo nzima. Mwanga wa erbiamu hunywewa na maji hayo, nayo hupata moto kwa ghafula, hupasuka na kurusha vipande vidogo sana vya jino. Wakati huo huo mashine hupuliza maji ili jino lisiungue. Mgonjwa hasikii mtetemo wa keekee, na wengi hawahitaji sindano ya ganzi.

Je, ni bora kuliko keekee? Mwaka 2016 wataalamu walizikusanya tafiti 9 zilizohusu wagonjwa 662 na kuzilinganisha njia hizi mbili. Walikuta kwamba waliotibiwa kwa leza walisikia maumivu kidogo zaidi na wachache tu walihitaji ganzi. Lakini ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba leza huondoa uozo vizuri zaidi, wala kwamba jino lililozibwa baada ya leza hudumu zaidi. Aidha, leza haifai kuondolea kijazo cha zamani cha madini yenye zebaki, na mara nyingine daktari huimalizia kazi kwa keekee ile ile. Mashine yenyewe bei yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Inataka umeme usioyumba, fundi wa kuitengeneza, na miwani maalumu kwa kila aliyemo chumbani.

Basi, kwa mtu mwenye uwezo anayeiogopa mno keekee, leza ni kitu kizuri. Lakini kwa mkulima wa Lagangabilili au mfugaji wa Mwanhuzi, kumwambia asubiri leza ni sawa na kumwambia mwenye kiu asubiri mvua ilhali kisima kipo nyuma ya nyumba yake.

Kisima chetu wenyewe

Kisima hicho kimechimbwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken wa Uholanzi na wenzake, wakifundisha shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Muhimbili, walikabiliwa na swali gumu: jino litazibwaje katika kijiji kisicho na umeme wala maji ya bomba? Jibu walilopata lilikuwa rahisi. Waliiweka keekee kando na kutumia vyombo vya mkono. Baadaye njia hiyo ilipimwa huko Thailand kuanzia mwaka 1991 na Zimbabwe kuanzia mwaka 1993. Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, iliyohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliipigia debe kwa mataifa yote. Leo inatumika katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Ni ajabu kwamba sisi tuliokuwa chimbuko lake ndio tusioifahamu.

Mtaalamu hulipanua tobo kidogo kwa patasi ndogo ya mkono. Kisha kwa kijiko kidogo sana hukwangua sehemu laini iliyooza. Sehemu hiyo imekwisha kufa ganzi yenyewe, ndiyo maana mara nyingi sindano haihitajiki. Husafisha na kukausha kwa vipande vya pamba, ambayo sisi watu wa Simiyu hatuwezi kusema imetupungukia! Halafu huchanganya unga na maji yake kupata simenti iitwayo glasi-aionoma, iliyovumbuliwa na Alan Wilson na Brian Kent huko Uingereza. Huijaza ndani ya tobo na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Mgonjwa hukaa saa moja bila kula, basi. Simenti hiyo hushikana na jino na hutoa floraidi kidogo kidogo, inayosaidia kulikinga. Vyombo vyote huenea katika mkoba mmoja, nao unaweza kufungwa nyuma ya pikipiki, ilimradi vichemshwe na kutakaswa sawasawa kila baada ya mgonjwa mmoja.

Hatutaki kuwadanganya. Njia hii nayo ina mipaka. Hufanya vizuri sana katika tobo lililo upande mmoja wa jino. Tobo likiwa kubwa na kushika pande mbili au tatu, kijazo huwahi kutoka. Na uozo ukifika kwenye kiini, jino likaanza kuuma usiku lenyewe au kutoa usaha, patasi haitafaa kitu, wala leza ya kuondoa uozo haitatosha. Hapo ni kutibu mzizi au kung'oa. Kwa hiyo siri ya njia zote tatu ni moja: kuwahi.

Tunasema nini basi?

Kwanza, kwa wazazi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapofikia miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hudhani ni la utoto na kusema, "Liache, litaota jingine." Hilo ndilo kosa lililompata mama yule. Mfungulie mtoto kinywa juani mara moja kwa mwezi. Ukiona doa jeusi au tobo, usingoje maumivu. Wala usidanganyike na wanaojidai kutoa wadudu kwenye meno kwa moshi au dawa za majani. Jino huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyogeuza sukari kuwa asidi.

Pili, kwa walimu na wenye maduka karibu na shule. Bibi zetu waliotafuna michembe na kula ugali wa mtama hawakujua soda ya kila siku. Leo mtoto hununua pipi, barafu na ubuyu wa sukari kila kipindi cha mapumziko. Tusiwashangae wakiwa na matobo. Wapige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi: kwa aliye chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, na kwa mkubwa kidogo kiasi cha njegere. Katika baadhi ya visima vya ukanda wetu floraidi imezidi, na meno ya watoto huota na rangi ya kahawia. Meno hayo hayajaoza kwa sababu ya rangi hiyo. Hayahitaji keekee wala leza, bali maji ya kunywa yaliyo salama kwa wadogo wanaokua.

Tatu, na hapa tunasema kwa sauti, kwa madiwani na wakuu wa afya wa halmashauri zetu za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza simenti ya glasi-aionoma katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ambayo hupakwa tu juu ya tobo na kuuzuia uozo usiendelee, ingawa huacha weusi. Vitu hivi si anasa. Kituo cha afya chenye koleo la kung'olea na kisicho na simenti kimekwisha kumhukumu mgonjwa kabla hajaketi kitini. Tungependa kuona katika bajeti fungu la simenti, patasi na mafunzo kwa matabibu wa meno, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia mashine za kifahari.

Wapo watakaosema kwamba tunawatakia watu wa vijijini tiba ya kimaskini. Sivyo. Tiba ya kimaskini ni ile ya kung'oa tu. Siku leza itakapokuwa rahisi na kufika kwetu, tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini gego la mtoto wa miaka sita halijui habari za siku hiyo.

Tulimwona tena binti yule. Uvimbe umekwisha, naye anatafunia upande mmoja. Mama yake sasa anampeleka mdogo wake kuangaliwa meno, ingawa hayaumi. Mdogo huyo alikuwa na tobo moja dogo. Lilizibwa kwa mkono, bila kelele, na mtoto hakulia.

Usiposiba ufa utajenga ukuta. Tuzibe mapema.