NYUMBANI MWETU: Mlango Ukikwama, Tazama Bawaba



Askari atokaye zamu ya usiku hulala mchana, na mara nyingi kimwamshacho ni mlango ukwaruzao sakafu kila ufunguliwapo. Hapa kwetu Kinanira lawama huiangukia mvua. Ni kweli, mbao za mkaratusi zisizokauka barabara huvimba wakati wa mvua. Lakini si kila mlango unaokwama umevimba.

Mimi mwenyewe nilikosea. Mwezi wa Aprili mtoto wetu wa miaka minne alikwama chumbani, akalia sana, hata nikausukuma mlango kwa bega. Kesho yake nilishika randa, nikauchonga chini. Mwezi wa Juni ukakwaruza tena, nikauchonga tena. Ilipofika Agosti, chini palikuwa na upenyo wa kupitisha panya, na juu mlango ulikuwa umejitenga na mwimo.

Ndipo nilipoitazama bawaba ya juu. Parafujo zake zilikuwa fupi, na matundu yamelegea. Uzito wa mlango huivuta bawaba ya juu itoke, na huisukuma ya chini iingie. Ya juu ikilegea, kona ya upande wa kitasa huinama hata iguse sakafu. Randa haiponyi ugonjwa huo.

Basi zingatia haya.

Wakati wa kununua: mlango mwepesi, ulio wazi ndani, hutosheka na bawaba mbili za milimita 75. Mlango wa mbao nzito wataka tatu za milimita 100, pamoja na parafujo zenye urefu wa milimita 40 hivi. Bawaba za kuchomoka zina za kushoto na za kulia. Mweleze muuzaji mlango wako wafungukia upande gani.

Wakati wa kufunga: bawaba ya juu iwe sentimita 15 kutoka ncha ya juu, ya chini sentimita 20 kutoka ncha ya chini, na ya tatu katikati. Chimba kwa patasi kina kilicho sawa na unene wa bamba la bawaba, si zaidi. Pini zote zisimame katika mstari mmoja. Toboa kwanza tundu jembamba. Usiigonge parafujo kwa nyundo kana kwamba ni msumari. Tia parafujo moja tu katika kila bamba, ujaribu mlango, ndipo umalizie zilizobaki.

Tundu lililolegea lijaze kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, uache hadi kesho, kisha utoboe upya.

Mwisho, fungua mlango nusu na uuache. Ukijiendea wenyewe, mwimo haukusimama wima.

Baba akiwa kazini mbali, mama na kijana wake wanaiweza kazi hii. Wategemeze mlango kwa kabari mbili chini, wasije wakaangukiwa. Na kabla ya kushika randa, washike kwanza bisibisi.